Kihispania kwa Mlango wa Kiswahili: Mwanafunzi wa Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Mwanafunzi aliyelelewa Kaloleni, Bahati, Jericho au Buruburu anapochagua Kihispania na utamaduni wa Wahispania kuwa somo lake kuu la shahada, ni rahisi kudhaniwa kwamba anaanza mikono mitupu. Vitabu vingi vya kufundishia lugha hiyo vimeandikiwa wasemaji wa Kiingereza, na kanuni zake hupimwa kwa Kiingereza. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba Kiswahili, lugha inayowaunganisha watu wa makabila mengi katika mitaa hiyo ya mashariki mwa Nairobi, ni njia iliyo fupi zaidi, na kwamba idara za lugha za Kiafrika zina wajibu katika jambo hili.

Kwanza ni sauti. Kihispania kina irabu tano, a, e, i, o, u, sawa na Kiswahili. Herufi ñ katika niño, yaani mtoto, hutamkwa karibu na ny ya nyanya. Nayo j ya hijo, yaani mwana, hukaribiana na kh ya kheri. Ugumu uko kwingine. Wapo wakazi wa Eastlands ambao lugha zao za nyumbani hazitenganishi r na l. Hao hawana budi kuzoea kwamba pero ni "lakini", pelo ni "nywele", na perro, yenye r ya kukariri, ni "mbwa".

Pili ni sarufi, na hapa ndipo manufaa yanapokuwa makubwa. Katika hablo, "ninasema", mtenda hudhihirika ndani ya kitenzi chenyewe, bila haja ya kiwakilishi cha pekee. Katika los libros nuevos, "vitabu vipya", alama ya wingi hurudiwa katika jina na katika kivumishi. Aidha, Kihispania husema es maestro, lakini está en casa. Kiswahili nacho husema "ni mwalimu", lakini "yuko nyumbani". Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa yote mawili, na ndiyo sababu tofauti hiyo huwasumbua wasemaji wake. Vivyo hivyo quiero que vengas ni "nataka uje": kila lugha hubadili umbo la kitenzi cha pili kuonyesha jambo linalotakiwa, wala halijatendeka. Hata hivyo mlingano huu una mipaka. Kihispania hugawa majina kwa jinsia ya kike na ya kiume, ambayo haina mwenzake katika ngeli za Kiswahili. Na ser na estar zina matumizi mengine yasiyofuata "ni" na "yuko".

Tatu ni msamiati. Majeshi ya Waislamu yaliingia Hispania mwaka 711, na Granada, dola yao ya mwisho, ilianguka mwaka 1492. Kiarabu kilichoacha maneno huko ndicho kilichokopesha pwani ya Afrika Mashariki pia. Fulano ni fulani; azúcar ni sukari; aceituna ni tunda la mzeituni, yaani zeituni. Hasta humaanisha "mpaka" na pia "hata", kama hata ya Kiswahili cha kale. Alcalde na kadhi ni ndugu wa asili moja, ingawa alcalde wa leo ni meya. Na barrio, neno la Kihispania kwa mtaa wa mji, hunasibishwa na shina lile lile la Kiarabu lililotupa bara, kwa maana ya upande wa nje.

Katika fasihi pia upo mlango. Lazarillo de Tormes, kilichochapishwa mwaka 1554 bila jina la mwandishi, ni hadithi ya mtoto maskini anayetumikia bwana baada ya bwana, akijifunza werevu kwa njaa. Ikisomwa pamoja na Kill Me Quick ya Meja Mwangi, ya mwaka 1973, kuhusu vijana waliosoma wakakosa kazi mjini, mwanafunzi atazihakiki zote mbili kwa ujuzi wa maisha anayoyafahamu.

Wala Kihispania si mgeni Afrika. Ni lugha rasmi ya Guinea ya Ikweta. Na Itifaki ya mwaka 2003 ya kurekebisha Sheria ya Kuunda Umoja wa Afrika inakitaja pamoja na Kiswahili miongoni mwa lugha rasmi za Umoja.

Linalohitajika, basi, ni sarufi linganishi ya Kihispania iliyoandikwa kwa Kiswahili. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa walimu wa lugha za Ulaya peke yao, kwa kuwa inadai wajuzi wa ngeli, viambishi na historia ya maneno ya Kiswahili. Isipofanywa, mwanafunzi wa Eastlands atahitimu akiamini kwamba lugha ya mtaani kwake haikuwa na msaada wowote katika elimu yake, na imani hiyo itakuwa hasara kubwa kuliko kosa lolote la sarufi.