Batobato lenye wazazi wawili

Mbegu ya muhogo ni kipande cha shina. Kipande hicho kinafungwa kwenye baiskeli Koboko, Uganda, kinapita mpakani Oraba, kesho yake kinapandwa upande wa Sudan Kusini. Kikiwa na batobato, ugonjwa wa virusi, nalo limevuka: majani yanatoka na mabaka ya njano, yanajikunja, na mizizi inabaki miembamba.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato lilirudi Uganda kwa ukali uliowaacha wakulima wengi bila chakula. Mwaka 1997 watafiti, akiwemo G. W. Otim-Nape wa kituo cha utafiti cha Namulonge, Uganda, walieleza kirusi kilichohusika. Jeni ya ganda lake ilianza na kuishia kama ya kirusi cha batobato kiitwacho cha Afrika Mashariki, lakini kipande cha katikati kilitoka kwa kirusi kingine cha batobato, kile kiitwacho cha Afrika.

Sasa kichore kirusi hicho kwenye mti wa ukoo. Kipande cha katikati kinakipeleka tawi hili, sehemu nyingine zinakipeleka lile. Kwenye mti kifundo, yaani nukta ya kirusi au ya babu yake, hakina zaidi ya mzazi mmoja, basi mti umeshindwa. Ndipo wanahisabati wanapochora mtandao, wenye vifundo vinavyopokea mishale miwili, mmoja kutoka kwa kila mzazi. Sharti lake ni kwamba ukifuata mishale usirudi ulikotoka, maana hakuna awezaye kuwa babu yake mwenyewe.

Kifundo kimoja cha namna hiyo kinabeba miti miwili, kutegemea umefuata mzazi yupi. Vifundo 10 vinaweza kubeba miti 1,024. Na mwaka 2007 Magnus Bordewich na Charles Semple walithibitisha kwamba kutafuta idadi ndogo kabisa ya vifundo vya kupatanisha miti miwili ni tatizo la kundi la matatizo magumu ambayo hadi leo hayana njia ya haraka inayojulikana.

Mimi naona hesabu hii inamhusu mkulima moja kwa moja. Kifundo kile ni mmea halisi, ulioletewa virusi viwili na nzi weupe au na mbegu yenyewe. Mmea wenye vyote viwili huugua zaidi, na ndani yake kirusi kingine kipya kinaweza kuundwa. Vipimo vya kingamwili, kwa kuwa vinagusa ganda tu, vilikitambua kirusi cha Uganda kama kile cha Afrika. Maabara inayopima mbegu za mpakani isome zaidi ya kipande kimoja cha jeni, la sivyo itamtaja mzazi mmoja na kumkosa wa pili.