Roma, Mji wa Mto Tiberi



Hapa Kihesa yupo mama mmoja mjane ambaye mwanawe alifariki ng'ambo, akazikwa huko huko, maana nauli ya kumrudisha haikupatikana. Siku moja, baada ya mafundisho, alituuliza: "Mwalimu, watu wengi huenda Roma. Huko hutazama nini?" Miguu yetu haijafika Roma, lakini tuliyoyasoma na kuyasikia kwa mapadre twayaeleza hapa, ili nanyi myapate.

Basi, twende kwa mawazo. Roma ni mji mkuu wa Italia, na mto wake waitwa Tiberi. Maji yake ni ya rangi ya udongo, kama ya Ruaha wakati wa masika. Desemba 1870 ulifurika ukaingia majumbani, ndipo zikajengwa kuta ndefu za mawe kando zake. Katikati ya mto kipo kisiwa kidogo, na juu yake hospitali iliyoanza mwaka 1585. Ukipanda na mto utaliona Daraja la Malaika Mtakatifu. Kaisari Hadriano alilijenga, likamalizika mwaka 134, na hata leo watu hulivuka kwa miguu.

Ng'ambo ya daraja hilo, mwendo mfupi, lipo Kanisa la Mtakatifu Petro. Kazi yake ilianza mwaka 1506, nalo likawekwa wakfu tarehe 18 Novemba 1626. Waliochimba msingi hawakuiona siku ile. Uwanjani imesimama nguzo ya jiwe moja, urefu wake kama mita 25, ambayo Kaisari Kaligula aliileta kutoka Misri. Basi jiwe la Afrika ndilo linalomlaki mgeni. Katika kanisa hilo Papa Paulo VI aliwatangaza Mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu mwaka 1964. Tarehe 20 Oktoba 2024 alitangazwa pia Giuseppe Allamano, mwanzilishi wa Wamisionari wa Konsolata, waliofika kwetu Iringa mwaka 1919.

Upande wa pili wa mto upo uwanja wa kale uitwao Koloseo, uliofunguliwa mwaka 80. Maelfu ya watu waliketi humo wakitazama watu na wanyama wakiuana. Wageni hustaajabia ukubwa wake. Yafaa pia kuuliza, waliokufa humo walikuwa wana wa nani?

Lakini kwa mama yetu tumechagua mahali pengine. Si mbali na mto lipo Kanisa la Mtakatifu Augustino, na ndani yake kaburi la Mtakatifu Monika, mama yake. Monika alikuwa Mwafrika wa Tagaste, katika nchi iitwayo sasa Algeria. Alimlilia mwanawe miaka mingi, hata akabatizwa huko Milano siku ya Pasaka, mwaka 387. Mwaka ule ule walikuwa Ostia, bandari iliyopo Tiberi uingiapo baharini, wakingoja merikebu ya kurudi kwao. Homa ikamshika Monika, akafa.

Zamani alitamani sana kuzikwa kando ya mumewe, na kaburi alikwisha kuliandaa. Lakini saa yake ilipokaribia, aliwaambia wanawe wasisumbuke kwa ajili ya mwili wake. Aliomba jambo moja tu, wamkumbuke altareni kwa Bwana. Akazikwa Ostia, na mwaka 1430 masalia yake yakahamishiwa Roma. Mwaka 1945 vijana wawili, wakichimba shimo la mlingoti wa mchezo huko Ostia, waliokota kipande cha jiwe la kaburi lake la kwanza.

Sisi watu wa Uhehe twajua uchungu wa mfupa kulala ugenini. Fuvu la Mtwa Mkwawa lilikaa Ujerumani, likarudishwa Kalenga mwaka 1954. Kwa hiyo hatumlaumu mama anayelilia kaburi asiloweza kulifagia, wala hatusemi kwamba hana imani. Monika naye aliutamani udongo wa kwao muda mrefu kabla ya kuuacha.

Mama, mwezi huu wa Novemba ni mwezi wa kuwaombea marehemu. Jina la mwanao tumeliandika pamoja na majina ya marehemu wetu waliolala hapa Kihesa, nalo litasomwa katika Misa. Nanyi wasomaji mlio na mtu aliyezikwa mbali, leteni jina lake.