Diski Moja Inapokufa

Diski ya kompyuta, kama chombo chochote kilichoundwa na binadamu, ina siku yake ya kufa. Je, kumbukumbu zilizomo zife pamoja nayo? Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza utaratibu uitwao RAID: diski kadhaa huunganishwa zikafanya kazi kama moja, na sehemu ya nafasi yao hutengwa kwa ajili ya kinga. Katika mfumo wa Linux kazi hiyo huweza kufanywa na programu peke yake, bila mtambo maalumu.

Tuchukue mfano wa diski tatu. Kompyuta huandika kila kitu kwa tarakimu 0 na 1. Ya kwanza ikiwa na 1 na ya pili 0, ya tatu huandikwa 1 ili jumla iwe shufwa. Diski ya pili ikiharibika, hubaki 1 na 1. Jumla yake ni 2, yaani shufwa tayari. Basi tarakimu iliyopotea ni 0. Ingekuwa 1, jumla ingekuwa 3, ambayo ni witiri. Kwa hesabu hiyo nyepesi, iliyopotea yote hupatikana tena. Tarakimu ya kinga huwekwa katika diski zote kwa zamu.

Hatari yenyewe imo katika utulivu huo. Kazi huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, lakini kinga imekwisha: diski nyingine ikifa, vyote hupotea. Kwa hiyo msimamizi hana budi kukagua faili ya /proc/mdstat. Alama [UUU] humaanisha zote ni nzima; [U_U] humaanisha moja imekosekana.

Kwanza ahakikishe ana nakala ya kumbukumbu mahali pengine. Kisha aitambue diski mbovu kwa nambari yake ya kiwandani, kwani kuchomoa iliyo nzima huweza kuangamiza vyote. Programu ya mdadm huitangaza kuwa mbovu (--fail), huiondoa (--remove), kisha hupokea mpya isiyo ndogo kuliko zilizobaki (--add). Ujenzi huweza kuchukua saa nyingi, nao huzisoma diski zilizobaki mwanzo hadi mwisho. Ubovu uliojificha huweza kujitokeza wakati huo.

Hata hivyo, RAID si badala ya nakala. Faili ikifutwa kwa makosa, hufutwa katika diski zote papo hapo. Kinga hii huokoa kutokana na kifo cha chombo, si kosa la mwenye chombo.