Tela Linapoyumba Kwenye Mteremko wa Rubavu

Nchini Rwanda, ukitoka Musanze kwenda Gisenyi, mji wa wilaya ya Rubavu, barabara hupitia Mukamira na Bigogwe, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kisha huteremka hadi Ziwa Kivu, lililo kwenye kimo cha mita 1,460 hivi. Njiani utawakuta vijana wa baiskeli waliobeba magunia ya viazi. Mtazame mmoja wao akiukabili mlima: gunia likikaa nyuma mno, gurudumu la mbele hukosa uzito na baiskeli haimtii tena. Dereva anayevuta tela hupatwa na jambo lile lile, ila yeye amekaa ndani ya gari na huchelewa kulihisi.

Wanaovuka mpaka wa Cyanika wakivuta tela la kulala, na wanaoleta boti ziwani, huniuliza swali moja: ninunue kiungo gani ili tela lisinisumbue? Kwanza huwa natenganisha matatizo mawili ambayo wauzaji wa vifaa huyatia kapu moja. Kuna mkia wa gari kulemewa, na kuna tela kuyumba. Dawa ya moja haitibu lingine.

Chukua Toyota Prado, gari tulilolizoea. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.79. Tuseme tufe la kuvutia liko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, na mkono wa tela unalikandamiza kwa kilo 150. Ekseli ya nyuma haiongezewi kilo 150 tu, bali karibu 215, kwa sababu gari limegeuka mzani na kilo 65 hivi zimenyanyuliwa kutoka magurudumu ya mbele. Hayo ndiyo yanayokata kona, na ndiyo yanayobeba kazi kubwa unapofunga breki. Usiku taa zako huwapiga machoni wanaokuja badala ya kumulika barabara.

Kiungo cha kugawa uzito kimebuniwa kwa ajili ya hilo. Kina vyuma viwili vya springi vinavyotoka kwenye kichwa cha kiungo na kukazwa kwenye mkono wa tela kwa minyororo au mabano. Vikikazwa, hufanya kazi kama mtu anayeinua mikono ya toroli: sehemu ya uzito hurudi ekseli ya mbele ya gari, na sehemu nyingine huenda kwenye ekseli za tela lenyewe. Kupima ni rahisi. Pima kimo cha ukingo wa juu wa tundu la gurudumu la mbele kabla ya kufunga tela, pima tena baada ya kulifunga, kisha kaza vyuma mpaka angalau nusu ya kilichonyanyuka kimerudi. Usikaze hadi mbele ya gari ikae chini kuliko ilivyokuwa bila tela.

Marekani kiungo hiki kimeenea sana, na kwao kina sababu: matela ya kulala ni mazito, na mkono hubeba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela. Kwetu ninasita. Matela mengi ya mfumo wa Ulaya hutumia breki za msukumo: gari linapopunguza mwendo, tela hulisukuma, mkono huingia ndani na kuvuta breki. Vyuma vya springi visivyotengenezwa kwa mfumo huo vinaweza kuukwamisha mkono, breki zisishike. Sitaki mtu yeyote ateremke kuingia Rubavu na tela la namna hiyo nyuma yake. Halafu kuna kuacha lami. Kwenye njia mbovu ya kwenda kambini, au juu ya mawe ya lava ng'ambo ya Goma, gari linaweza kuwa shimoni wakati tela liko tutani, na vyuma vilivyokazwa hupeleka nguvu yote kwenye fremu. Nyufa huanzia pale palipochomelewa. Ukiwa navyo, vilegeze kabla ya kuacha lami. Soma pia kitabu cha gari, kwa maana watengenezaji wengine hawakiruhusu kiungo hiki. Kwa tela la kilo 1,200 nyuma ya Land Cruiser yenye springi nzima, mimi sikinunui.

Kuyumba ni habari nyingine. Mzigo ukizidi nyuma ya ekseli ya tela, tela huanza kupunga mkia, na kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo kila mpungo unavyozidi uliotangulia. Tangi la maji, jenereta na makopo ya chakula vikae chini, karibu na ekseli, kidogo upande wa mbele. Baiskeli zisining'inizwe mkiani. Tena pima matangi yakiwa yamejaa na yakiwa matupu, kwa kuwa maji yaliyotumika kambini hubadilisha mzani wote.

Mzani wa kupimia watu unatosha kuanzia. Simamisha tela mahali tambarare, weka gogo fupi kati ya mzani na kikombe cha mkono, kile kinachokaa juu ya tufe, shusha jeki, soma. Ninalenga asilimia 7 hadi 10 ya uzito wa tela lililopakiwa, bila kuvuka kikomo kilichoandikwa kwenye chuma cha kuvutia.

Baada ya hapo ndipo nafikiria kifaa cha kuzuia kuyumba, na chaguo langu kwa matela yasiyozidi kilo 3,000 ni kikombe chenye pedi zinazolibana tufe, kama AKS 3004 ya AL-KO ya Ujerumani. Kinahitaji tufe lenye shingo ndefu, na kinahitaji tufe kavu. Hapa ndipo mafundi wetu huharibu kwa nia njema: wamezoea kupaka grisi, jambo ambalo ni sahihi kwa kikombe cha kawaida, lakini pedi zenye grisi haziwezi kushika. Rangi ya tufe jipya nayo ikwanguliwe. Na hakikisha vipimo vinalingana: kikombe cha Kimarekani cha inchi 2 na 5/16 kitakaa juu ya tufe la milimita 50, kisha kitaruka kwenye tuta la kwanza.

Tela likianza kuyumba, toa mguu kwenye mafuta na ushike usukani ukiwa umenyooka. Usijaribu kuukimbiza mkia. Kama tela lina breki za umeme, bonyeza breki zake peke yake kwa mkono. Ingia gia ndogo kabla mteremko haujaanza. Ukifika chini, simama pembeni na usogeze mkono karibu na vitovu vya magurudumu ya tela. Kimoja kikitoa joto kali na mwenzake kikiwa baridi, ni breki ya upande mmoja tu iliyofanya kazi njia nzima, na siku utakapofunga breki ghafla tela litavuta upande huo.