Loki ya gari haitaki fundi mwenye haraka

Simama dakika chache kwenye maegesho yoyote ya Dar es Salaam, utamwona. Amezima gari, ameshusha kioo, ametoa mkono nje na anajifungulia mlango mwenyewe kwa upande wa barabarani, bila aibu yoyote, maana ameshazoea. Abiria wa nyuma naye anaambiwa asubiri: "Shemeji, tulia nije nikufungulie, huo mlango una mambo yake." Gari limeoshwa linang'aa, injini imetulia, bima haijaisha, ila milango miwili kati ya minne ina masharti.

Magari yetu mengi yaliingia nchini yakiwa yameshatumika Japani kwa miaka. Wenzetu Kenya wameweka ukomo wa miaka 8 kwa gari la mtumba; huku kwetu hata lililozeeka zaidi ya hapo huingia, na mwenyewe hubanwa kwenye ushuru. Chukua Toyota IST ya toleo la kwanza, iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2007, ambayo bado imejaa mitaani. Loki zake, kama hazijawahi kubadilishwa, zimefunga na kufungua kwa karibu miongo miwili, na sehemu kubwa ya muda huo zimekula joto, vumbi na hewa ya chumvi ya pwani. Zikichoka zina haki.

Naamini loki ni kazi ambayo mwenye gari anaweza kuifanya nyumbani, na mara nyingi akaifanya vizuri kuliko gereji. Si kwamba anamzidi fundi ujuzi. Fundi anaijua, tena sana. Lakini fundi ana magari mengine yanamsubiri, simu inaita, na ujira wa loki ni mdogo kulinganisha na wa kushusha injini. Anachokosa ni muda, na kazi hii yote inakula muda: kuchunguza, kuchomoa kitu kimoja kimoja bila kukivunja, kujaribu kabla ya kufunga.

Tuanze na kuchunguza, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Mlango wa nyuma ukikataa kufunguka kwa ndani tu, huku kwa nje unafunguka vizuri, usiende kununua chochote. Fungua mlango, tazama ukingoni karibu na loki: kuna kidude kidogo cha kuzuia watoto wasijifungulie garini likiwa linakwenda. Kidole cha mtoto au kitambaa cha muosha gari hukisogeza bila mtu kujua. Kirudishe, jaribu tena. Wapo waliouziwa loki nzima kwa ajili ya kidude hicho.

Milango yote minne ikikataa kuitikia rimoti, shaka isiwe kwenye loki moja. Anza na betri ya rimoti, kisha fyuzi. Ikiwa ni mlango mmoja lakini kioo chake nacho hakipandi au spika imekufa, tazama ule mpira unaopitisha nyaya kati ya mlango na bodi. Kila mlango unapofunguliwa nyaya zile hujikunja, na baada ya miaka hukatika ndani kwa ndani huku ganda la nje likionekana zima. Na mlango unaofunguka kwa ndani lakini kwa nje mkono unacheza tu bila kukamata kitu, tatizo mara nyingi ni mkono wenyewe uliopasuka au kifimbo chake kilichochomoka kwenye klipu.

Kinachobaki ndicho kisa cha loki yenyewe. Unabonyeza, unasikia mlio dhaifu, na kidude cha kufungia hakisogei. Au leo inafunga, kesho inagoma. Ndani ya loki za siku hizi kuna vitu viwili vilivyowekwa kwenye boksi moja. Kuna ulimi wa chuma unaokamata pini iliyofungwa kwenye nguzo ya bodi, na kuna mota ndogo ya volti 12 inayozungusha gia za plastiki ili kufunga na kufungua senta loki. Ulimi ni mgumu kufa. Mota ndiyo inayochoka: kaboni zake zinalika, vumbi lake linajaa pale zinaposugua, nguvu inapungua.

Ukishajua hivyo, nenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani au kwa muuzaji wako wa siku zote, lakini usiende na maneno matupu. "Bosi, nipe loki ya IST" haitoshi. Sema ni mlango upi, kulia au kushoto, mbele au nyuma, na beba picha ya soketi ya loki ili idadi ya pini ilingane. Kwa Toyota namba ya spea husaidia sana: zinazoanza na 69030 ni za mlango wa mbele kulia, 69040 mbele kushoto, 69050 na 69060 ni za nyuma, kulia na kushoto. Loki ya mtumba kutoka Japani si mbaya, ila kumbuka mota yake nayo imezeeka huko huko ilikotoka. Muuzaji anayejua kazi yake ataigusisha na betri mbele yako, ifunge na kufungua mara kadhaa. Asiyetaka, mwache.

Sasa mlango. Pandisha kioo hadi juu kabisa, kisha chomoa waya hasi wa betri. Kwa magari mapya zaidi, ambayo mengine yana vihisi vya mifuko ya hewa ndani ya milango, subiri dakika kadhaa kabla ya kugusa kitu. Skrubu za paneli hujificha: moja nyuma ya kifuniko kidogo karibu na mkono wa kufungulia, nyingine ndani ya sehemu ya kushikia unapovuta mlango. Ukisahau moja ukavuta kwa nguvu, plastiki inapasuka. Baada ya hapo paneli imeshikwa na klipu pembezoni. Zitoe kwa kipande cha plastiki kigumu au bisibisi bapa uliyoizungushia kitambaa, ukianzia chini, kisha inyanyue paneli kwenda juu ili ijitoe kwenye ukingo wa kioo. Usiivute mara moja. Bado ina soketi ya swichi ya vioo na kebo za mkono wa ndani.

Nyuma yake utakuta nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi. Gundi hiyo haikauki, inachafua nguo na haitoki kirahisi, na mafundi wengi wenye haraka huichana nailoni wakaendelea. Ni kosa kubwa kuliko linavyoonekana. Maji ya mvua huingia ndani ya kila mlango kupitia pembezoni mwa kioo. Hiyo ni kawaida, na chini ya mlango kuna matundu ya kuyatoa. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasije upande wa abiria. Ikichanwa, masika yakifika zulia linalowa, gari linanuka uvundo, na mwenyewe anatafuta kioo cha mbele kinachovuja wakati tatizo liko mlangoni. Ibandue polepole kwa kisu butu, upande mmoja tu, ikunje pembeni.

Loki imeshikwa ukingoni mwa mlango kwa skrubu tatu ambazo kwenye Toyota nyingi huhitaji bisibisi ya nyota yenye pembe sita, saizi T30. Usizishambulie kwa bisibisi ya kawaida. Vichwa vikiliwa umejitafutia kazi ya siku mbili. Huenda pia ukalegeza bolti moja ya reli ya kioo, ya spana namba 10, ili loki ipate njia ya kutoka. Piga picha ya kila kifimbo na kebo kabla ya kuvichomoa. Loki mpya ipake grisi nyeupe kwenye ulimi, si oili chafu ya injini, ambayo hukusanya vumbi.

Halafu, na hili mafundi wazuri hawaliruki, usifunge mlango. Rudisha betri, sukuma ulimi kwa bisibisi mlango ukiwa wazi hadi ujifunge, kisha jaribu mkono wa nje, wa ndani, rimoti, ufunguo. Utasikia milio miwili ulimi unapojifunga. Wa kwanza ni wa tahadhari, wa pili ndio wa kufunga kabisa. Mlango ukifungwa na loki isiyofunguka huku paneli iko nje, umejifungia tatizo ndani.

Skrubu zile tatu zikaze vizuri. Kanuni namba 11 ya Umoja wa Mataifa kuhusu loki na bawaba za magari inataka loki iliyofunga kabisa ihimili nguvu ya niutoni 11,000 kwa urefu wa gari, yaani kama uzito wa zaidi ya tani moja. Loki hiyo ndiyo inayokubakiza ndani gari likipinduka.

Kuna hali moja ambayo ningempigia fundi bila kusita: loki iliyogoma mlango ukiwa umefungwa, haufunguki ndani wala nje. Kutoa paneli mlango ukiwa haujafunguka kunataka mikono iliyoizoea kazi hiyo, na anayejifunzia hapo huishia kununua na paneli.

Loki ya zamani usiitupe. Wapo wanaolifungua boksi lake na kubadili mota peke yake, kwa kuwa mota za aina hiyo ni ndogo na hutumika kwenye magari ya kampuni nyingi. Ni kazi ya mezani, inayotaka mikono mitulivu na taa nzuri, na bei ya mota haifiki ya loki nzima. Ukiimaliza unakuwa na loki ya akiba ya mlango ule ule.