Upendo kwa maadui

Upendo kwa maadui ni fundisho la Ukristo linalomdai mwamini amtakie mema na kumtendea mema hata mtu anayemchukia, anayemdhulumu au anayemtesa. Msingi wake ni maneno ya Yesu Kristo yaliyomo katika Injili ya Mathayo (5:38-48) na Injili ya Luka (6:27-36). Ni sehemu ya upendo wa Kikristo kwa watu wote, na ndiyo inayobishaniwa kuliko nyingine, kwa sababu inapingana waziwazi na desturi ya kulipa kisasi, ambayo hata methali zetu huitetea: dawa ya moto ni moto.

Maana

Kiswahili hutumia kitenzi kimoja, "kupenda", kwa mke, kwa wali wa nazi, kwa timu ya mpira na kwa Mungu. Ndiyo maana wanafunzi wengi, wakisikia agizo hili kwa mara ya kwanza, huuliza: nitawezaje kujilazimisha kumpenda mtu ninayemwogopa au aliyeniumiza?

Injili ziliandikwa kwa Kigiriki, na kitenzi kilichotumika hapo ni agapao, ambacho nomino yake ni agape. Mara nyingi inahubiriwa kwamba neno hilo peke yake lina maana takatifu. Si hivyo. Tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale inalitumia hata kwa tamaa ya Amnoni aliyembaka dada yake Tamari (2 Samweli 13). Maana ya agizo inapatikana vizuri zaidi katika vitenzi vilivyowekwa sambamba nalo. Luka ameandika vinne: kupenda, kutenda mema, kubariki na kuombea. Vitatu vya mwisho vinaeleza cha kwanza, na vyote vitatu ni mambo ambayo mtu anaweza kuyafanya hata kama moyo wake bado una uchungu. Kwa hiyo adui hadaiwi hisia tamu. Anadaiwa kutakiwa mema na kutendewa mema.

Wafafanuzi wengine walidai kwamba "adui" hapa ni jirani mgomvi tu, si adui wa taifa. Lakini Luka anatumia neno hilohilo la Kigiriki, echthros, kwa maadui wa Israeli (1:71) na kwa jeshi litakalouzingira mji wa Yerusalemu (19:43). Tena wasikilizaji wa Yesu waliishi chini ya utawala wa Kirumi, na askari aliweza kumshika mtu njiani na kumbebesha mzigo, kama Simoni wa Kirene alivyolazimishwa kuubeba msalaba.

Asili katika Biblia

Fundisho halikuanza na Yesu. Torati inaagiza kwamba mtu akimkuta ng'ombe au punda wa adui yake amepotea, amrudishe. Na akimwona punda wa anayemchukia ameanguka chini ya mzigo, amsaidie kumwinua (Kutoka 23:4-5). Kitabu cha Mithali (25:21-22) kinasema adui mwenye njaa apewe chakula, na mwenye kiu apewe maji. Mtume Paulo aliyarudia maneno hayo katika Warumi 12. Pamoja na hayo, Agano la Kale lina zaburi zinazowaombea maadui mabaya, kama vile Zaburi 109 na 137, na hakuna haja ya kulificha jambo hilo.

Agizo la kumpenda jirani kama nafsi yako limo katika Mambo ya Walawi 19:18. Swali lililobaki lilikuwa: jirani ni nani? Mahali popote Torati haiamuru kumchukia adui, ila watu wengine walifikia hapo. Katika magombo yaliyoanza kupatikana mwaka 1947 karibu na Bahari ya Chumvi, kanuni ya jumuiya moja ya Kiyahudi inawataka wanachama wake wawapende wana wa nuru na kuwachukia wana wa giza.

Yesu alilijibu swali la jirani kwa mfano wa Msamaria mwema (Luka 10:25-37). Wayahudi na Wasamaria walikuwa na uhasama wa muda mrefu. Zaidi ya miaka 100 kabla ya Yesu kuzaliwa, mtawala wa Kiyahudi Yohane Hirkano alilibomoa hekalu la Wasamaria juu ya mlima Gerizimu. Msomaji aangalie pia ukurasa uliotangulia: katika Luka 9 kijiji cha Wasamaria kinakataa kumpokea Yesu, na wanafunzi wawili wanataka moto ushuke uwateketeze. Yesu anawakemea. Sura moja baadaye, anayefanya mema katika simulizi lake ni Msamaria.

Sababu anayoitoa Yesu si kwamba adui atabadilika. Pengine hatabadilika. Sababu ni Mungu mwenyewe, ambaye jua lake na mvua yake havichagui shamba la mwema na la mwovu. Anayempenda adui anafanana na Baba yake.

Kugeuza shavu la pili kumeeleweka vibaya mara nyingi. Mathayo anataja shavu la kuume. Mtu anayetumia mkono wa kulia hawezi kumpiga mwenzake kofi kwenye shavu hilo ila kwa mgongo wa mkono, na pigo la namna hiyo lilikuwa la kudhalilisha: Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi, inalitoza faini maradufu ya ile ya kofi la kawaida. Yesu mwenyewe alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu hakurudisha, lakini hakunyamaza pia. Alimtaka aliyempiga aeleze kosa lake (Yohane 18:22-23). Paulo naye, baada ya kupigwa viboko Filipi bila hukumu, alikataa kuondoka kimyakimya hadi wakuu wa mji walipokuja wenyewe kuwatoa (Matendo 16:37-39).

Katika historia ya Kanisa

Tertuliani wa Karthago, mwanzoni mwa karne ya 3, aliandika kwamba kuwapenda marafiki ni desturi ya watu wote, bali kuwapenda maadui ni ya Wakristo tu. Alitia chumvi kidogo: mafundisho ya Buddha yanakataza kujibu chuki kwa chuki, na baadaye Kurani (41:34) ikaagiza ubaya uondolewe kwa lililo jema zaidi.

Tatizo liliongezeka katika karne ya 4, Wakristo walipoanza kushika madaraka. Je, hakimu ampende mwizi kwa kumwachia? Agostino wa Hippo alijibu kwamba agizo linahusu kwanza nia ya moyo, na kwamba adhabu inaweza kutolewa kwa nia ya kumponya mkosaji. Jibu hilo ni la hatari, kwani kila mtesaji anaweza kudai kwamba anaponya. Lakini Agostino alilipia gharama mwenyewe. Watu wa kundi lililopingana na Kanisa lake walipokiri kumuua padri mmoja na kumkata mwingine viungo, alimwandikia afisa wa serikali, Marcellinus, akimsihi asiwaue wala kuwakata viungo.

Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alifafanua kwamba adui hapendwi kwa uadui wake, kwa kuwa huko kungekuwa kupenda uovu. Anapendwa kwa ubinadamu wake. Mkristo halazimiki kuwa na mapenzi ya pekee kwa kila adui mmoja mmoja, ila awe tayari kumsaidia haja ikitokea.

Haja hiyo ilimtokea Dirk Willems huko Asperen, Uholanzi, mwaka 1569. Alikuwa Mwanabaptisti, na alikuwa ametoroka kifungoni akivuka maji yaliyoganda kwa baridi. Mlinzi aliyemfuata akatumbukia barafu ilipovunjika. Willems alirudi akamvuta nje, naye akakamatwa kwa ajili hiyo. Alichomwa moto tarehe 16 Mei mwaka huo.

Nchini Marekani, nyumba ya mchungaji Martin Luther King ililipuliwa kwa bomu tarehe 30 Januari 1956, wakati wa mgomo wa mabasi wa Montgomery. Mke wake na mtoto mchanga walikuwa ndani. Umati wenye hasira ulikusanyika, wengine wakiwa na silaha. King aliwaomba wazirudishe nyumbani na kuwapenda maadui wao, na mgomo ukaendelea hadi ubaguzi katika mabasi ulipokomeshwa. Katika mahubiri yake alitofautisha kumpenda mtu na kupendezwa naye: la pili haliwezekani kwa aliyekulipua.

Afrika Mashariki na Kati

Nchini Kenya, wakati wa hali ya hatari miaka ya 1950, baadhi ya Wakikuyu wa kundi la uamsho walikataa kula kiapo cha Mau Mau na wakakataa pia bunduki za serikali. Waliuawa kadhaa, maana pande zote mbili ziliwashuku.

Nchini Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa Anglikana aliuawa Februari 1977, siku chache baada ya maaskofu kumwandikia Idi Amin barua ya kulaani mauaji. Festo Kivengere, askofu wa Kigezi aliyewahi kuwa mwalimu Dodoma, alivuka milima kwa miguu usiku pamoja na mkewe hadi Rwanda. Alikiri kwamba alikuwa akizidi kujaa chuki, hata siku ya Ijumaa Kuu, akiwa London, alipoona ni lazima amsamehe Amin. Mwaka huohuo alitoa kitabu ambacho jina lake linatangaza kwamba anampenda Amin. Wengi walikwazika. Hata hivyo aliendelea kuutangazia ulimwengu maovu ya utawala huo na kuwatafutia wakimbizi msaada. Aliweza kurudi mwaka 1979 kwa sababu jeshi la Tanzania na wapiganaji wa Uganda walikuwa wamemwondoa Amin kwa silaha, chini ya Rais Julius Nyerere ambaye naye alikuwa Mkatoliki mcha Mungu. Wakristo hawajakubaliana hadi leo kama upendo kwa maadui unaruhusu vita vya namna hiyo.

Nchini Burundi, tarehe 30 Aprili 1997, waasi waliingia katika seminari ndogo ya Buta na kuwaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana walikataa. Waseminari 40 waliuawa.

Hoja za kupinga

Friedrich Nietzsche, mwaka 1887, aliona katika maadili haya hila ya wanyonge wanaouita udhaifu wao wema. Sigmund Freud, mwaka 1930, alisema kumpenda asiyestahili ni kuwaibia wanaostahili.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa walioumizwa. Fundisho hili limetumiwa kuwaambia watumwa watulie na wake wanaopigwa wavumilie. Matumizi hayo hayaafikiani na maandiko yaliyotajwa hapo juu: kumtakia mema mume mkatili ni pamoja na kutaka aache ukatili, na mke anaweza kumwombea akiwa mahali salama, baada ya kutoa taarifa polisi. Kusamehe kunaweza kufanywa na mtu mmoja. Kupatana kunahitaji wawili, na aliyekosa hana budi kusema ukweli.

Hilo lilijaribiwa Afrika Kusini, ambako Tume ya Ukweli na Maridhiano chini ya Askofu Mkuu Desmond Tutu iliweza kuwapa msamaha wa kisheria waliokiri makosa yao yote. Familia ya Steve Biko, aliyefia mikononi mwa polisi mwaka 1977, ilikuwa kati ya waliokwenda Mahakama ya Katiba kupinga, wakisema serikali haina haki ya kusamehe kwa niaba yao. Walishindwa mwaka 1996. Miaka mitatu baadaye Tume iliwanyima msamaha polisi waliohusika na kifo hicho, lakini mwaka 2003 ofisi ya mashtaka ikatangaza kwamba hawatashtakiwa kwa kukosekana ushahidi wa kutosha.