7 kugawanywa kwa 2 ni ngapi? Namna lugha ya Python ilivyobadilisha jibu lake

Mtoto wa shule ya msingi akiulizwa 7 ikigawanywa kwa 2 inatoa ngapi, anaweza kujibu 3 na kubaki 1, ama 3,5. Majibu yote mawili ni ya kweli. Lakini kompyuta inapaswa kutoa moja tu. Anayetengeneza lugha ya programu ndiye anayelichagua mapema, na uchaguzi wake unafika hadi kwenye simu na hesabu za watu asiowajua.

Lugha ya Python, iliyotolewa mwaka wa 1991 na Mholanzi Guido van Rossum, ilifuata kwanza desturi ya lugha ya C: namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili, jibu pia ni namba kamili. Hivyo 7/2 ilitoa 3. Nusu iliyobaki ilitupwa bila onyo.

Hatari iko wapi? Tuseme kituo cha afya kimechanja watoto 45 kati ya 60. Hiyo ni asilimia 75. Lakini programu ya wakati ule, ikigawanya 45/60 kisha kuzidisha kwa 100, ilitoa 0. Mtu akiingiza 45.0 pahali pa 45 (kompyuta hutumia nukta pahali pa koma), programu ileile ilitoa 75, bila mstari hata mmoja kubadilishwa. Kosa linalosimamisha programu hurekebishwa siku ileile. Kosa linalonyamaza huingia kwenye ripoti, na wakubwa huamua mambo kwa kulifuata.

Mwaka wa 2001, van Rossum na mwenzake Moshe Zadka walipendekeza kutenganisha kazi hizo mbili. Alama / itoe jibu lote, yaani 3.5. Alama mpya // itoe namba kamili, yaani 3. Alama // iliingia katika Python 2.2 mwaka uleule, na aliyetaka maana mpya ya / aliweza kuiomba mwanzoni mwa programu yake. Lakini maana hiyo ilikuwa ya lazima katika Python 3.0 pekee, Desemba 2008. Miaka 7 ilipita kwa sababu kubadilisha alama moja kungevuruga programu nyingi zilizokuwa zikifanya kazi.

Namba zilizo chini ya sifuri

Swali lingine ni gumu zaidi: -7 kwa 2? Lugha ya C inakata sehemu ya nyuma na kutoa -3, baki -1. Python inashuka hadi namba kamili ya chini: -4, baki 1. Wengi huona jibu hilo la ajabu, lakini lina faida yake.

Saa za Kongo zinaonyesha sababu. Goma na Bukavu ziko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Ikiwa huku mashariki ni saa 0 ya usiku wa manane, programu inaondoa 1 ili kupata saa ya Kinshasa: -1. Kisha inatafuta baki ya kugawanya kwa 24. Python inatoa 23, ndiyo saa tano za usiku, na ni kweli. C inatoa -1, saa ambayo haiko kwenye saa yoyote duniani.

Vipeo navyo vina mitego

Fortran, lugha ya mwaka wa 1957, iliandika kipeo kwa nyota mbili, na Python ikaifuata: 2**3 ni 8. C haina alama ya kipeo. Humo, ^ inafanya kazi nyingine kabisa, na 2^3 inatoa 1.

Na -2**2 je? Python inahesabu kipeo kwanza, kisha inaweka alama ya kutoa: -4. Katika Excel, =-2^2 inatoa 4. JavaScript, iliyopata alama ** mwaka wa 2016, inakataa kabisa kuhesabu mpaka mwandishi aweke mabano na kuonyesha anachotaka. Inaudhi, lakini ni afadhali kuliko kukisia na kunyamaza.

Kwa kijana anayetengeneza programu ya likelemba, somo ni hili. Franka 10 000 zikigawanywa kwa watu 3, // inampa kila mtu 3 333, na alama % inaonyesha kwamba imebaki franka 1. Lugha nzuri inaweza kuonyesha baki hiyo wazi. Kuamua ni ya nani, hiyo ni kazi ya watu, na ni vizuri wapatane kabla hesabu haijaanza.